Tunaenda Disney na mama mkwe, usiku tuna meza Jiko. Tuvae nini jamani?

#1 NyotaYaPangani

Wakuu habari za humu. Wenye uzoefu na Florida naombeni msaada kabla sijagombana na mtu ndani ya nyumba.

Kisa ni hiki. Tunaishi Texas, mwezi wa saba tunaenda Orlando wiki nzima, kwenye bustani za michezo za Disney: mimi, mume, watoto wawili (9 na 6) na mama mkwe anayekuja kutoka Tanga, mara yake ya kwanza Marekani. Siku ya tatu anatimiza miaka 65, nikamwekea meza ya saa 2 usiku pale Jiko, ule mgahawa wa ndani ya hoteli ya Animal Kingdom Lodge. Meza zinafunguliwa siku 60 kabla, niliamka saa 11 alfajiri nikakaa na simu kama nasubiri matokeo ya darasa la saba.

Sasa ugomvi. Mume anasema kule ni kwenye mabembea, kila mtu kaptula na raba, tukitoka bustanini twende moja kwa moja tukale. Mama mkwe naye, nilipomtajia kwenye simu kwamba ni mgahawa wa heshima, kesho yake kanitumia picha kutoka kwa fundi wake wa Ngamiani. Gauni la kitenge, mabega yamesimama kama paa la msikiti, nyuma lina mkia wa kuburuza. Na kiatu cha mchuchumio juu yake.

Mchana wa siku hiyo hiyo tutakuwa kwenye bustani ya Animal Kingdom. Sitaki turudishwe mlangoni. Sitaki pia mama wa watu awe peke yake kama bibi harusi huku sisi tumekaa na fulana zenye masikio ya panya. Tuvae nini?

#2 Kijana wa Kenge

Mgahawa unaitwa Jiko halafu unauliza uvae nini? Kanga mbili, moja kiunoni moja kichwani, na mwiko mkononi. Uzi ufungwe 😂

#3 Makoti Mawili

Mkuu Nyota, mimi nipo Tampa, saa moja na ushee kwa gari, na wageni wote wa kutoka nyumbani wanapitia kwangu, kwa hiyo huko nimekula mara za kutosha. Mumeo ana haki nusu, mama mkwe ana haki nusu.

Migahawa ya kule iko ya aina tatu. Ya kwanza ni ile ya ndani ya bustani na ya kujisevia, hapo hakuna anayekuangalia, ukija umelowa chapachapa wanakupa kiti.

Ya pili ndiyo hii yako: Jiko, California Grill, Citricos, Monsieur Paul na wenzao. Wanachotaka ni nguo safi, nzima, zisizochanika. Nguo za kuogelea hapana, singlendi hapana, fulana yenye matusi hapana. Jinzi nzuri inapita. Hata kaptula ya kitambaa na shati la kola vinapita, mumeo asikie hilo afurahi. Kwenye meza za jirani utaona mama amevaa gauni la hariri na mumewe amevaa kaptula, wote wanakula na hakuna aliyekufa.

Ya tatu iko moja tu, Victoria & Albert's, pale hoteli ya Grand Floridian. Hapo ndipo kwenye mambo ya suruali ya heshima, viatu vya ngozi na koti. Tai si lazima. Jinzi, sandali, raba, mlangoni unabaki nazo. Watoto chini ya miaka 10 hawapokelewi kabisa. Mwaka 2024 walipata nyota ya Michelin, ile tuzo ya migahawa bora, wa kwanza kwenye viwanja vya Disney kuipata. Mama mkwe na gauni lake angefaa pale, ila andaa mamia ya dola kwa kichwa.

Kwa hiyo kurudishwa mlangoni, futa. Tatizo lako ni mchana, siyo usiku. Mwezi wa saba Orlando ni nyuzi 33 na unyevu wa Dar ile ya Februari, halafu kila alasiri mvua ya radi. Mkitoka bustanini moja kwa moja kama anavyotaka baba watoto, mtaingia Jiko mnanuka mbwa aliyenyeshewa. Nasema kwa upendo.

#4 NyotaYaPangani

Makoti Mawili ubarikiwe. Swali: mama anataka avae lile gauni TANGU ASUBUHI. Anasema hawezi kubadili nguo chooni kama mchezaji wa mpira.

#5 DadaWaMvita

Wallahi huyo mama nampenda bila kumuona 😅

Dada, gauni la mkia bustanini haliwezekani, na si suala la urembo. Kanuni zao zinakataza nguo zinazoburuza chini. Pia mtu wa miaka 14 na kuendelea haruhusiwi kuja na mavazi ya kuigiza wahusika, sasa hayo mabega kama ulivyoyaeleza, mlinzi akiamka vibaya atadhani ni malkia mwovu wa hadithini.

Mimi huenda na buibui, na ushungi wangu, sijawahi kuulizwa lolote bustanini wala migahawani. Ila chagua kitambaa chepesi kisichofika kwenye kisigino, maana kuna ngazi za umeme, vigari vya watoto, na madimbwi baada ya mvua. Ushungi mweupe usivae, jasho na krimu ya jua vinauacha na rangi ya chai ya maziwa.

Na mbebee mama leso, yaani kanga. Si ya kujifunga, ni ya baridi. Nje unachemka, ndani wanawasha AC utadhani wanahifadhi samaki. Nilikaa Jiko saa mbili nzima natetemeka hadi nikaomba chai kabla ya chakula.

Jingine, kwa wanaojali: mkipita mgahawa wa Boma hapo jirani, vile vikeki vyeupe vyenye milia ya pundamilia ambavyo kila mtu anavisifia vina pombe ya Amarula ndani. Mimi nilishakula vitatu ndipo nikaambiwa.

#6 Gunia la Mkaa

Hela ya meza hiyo mimi napiga bati vyumba viwili Chanika. Watanzania tukifika ughaibuni tunachanganyikiwa.

#7 Makoti Mawili

Gunia, mada ni nguo. Fungua uzi wako wa bati, nitakuja kuchangia misumari.

#8 FundiCherehani

Mimi ni fundi, nipo Tandika, Marekani naiona kwenye simu tu. Lakini hili la mkia niachieni.

Nyota, usimwambie mama "toa mkia". Utakuwa umenunua vita kwa pesa yako. Mwambie fundi wake autenganishe: aukate pale kiunoni, aupigie mkanda, na ndani ya pindo aweke vifungo vya kubonyeza kama sita hivi. Mama akitaka picha anaubandika, akimaliza anaubandua, unakunjwa unaingia kwenye pochi. Kazi ya nusu siku, akizidisha bei anakuibia.

Bitana je? Muulize. Mafundi wengi wanaweka setini kwa sababu inang'aa na ni rahisi. Setini kwenye joto la namna hiyo inanata mwilini kama karatasi ya pipi. Aweke pamba nyepesi, au aiache sehemu ya mgongo bila bitana. Na kitenge chenyewe kifuliwe mara mbili kabla ya kushonwa, la sivyo mvua ya kwanza tu rangi inahamia kwenye sidiria.

Mabega yaache. Atapita mlangoni kwa ubavu.

#9 NyotaYaPangani

Nimecheka hadi mume kaja kuuliza kuna nini. Nimempigia fundi, kakubali. Mama kaambiwa ni fasheni mpya. Hatujasema uongo.

#10 Otis wa Naks

Niaje wadau. Naongea kwa niaba ya bwana wa huyu dada, maana naona hana wakili.

Mimi niko Minnesota. Tulienda na familia, siku ya tatu miguu yangu ilikuwa imekufa. Ukihesabu hatua ni elfu ishirini kwa siku na bado hujafika mahali mtoto anataka. Mwanaume aliyesukuma kigari cha mtoto kutoka saa tatu asubuhi, kisha umwambie avae longi na viatu vya ngozi? Huo ni unyanyasaji.

Kaptura safi, shati la kola, basi. Wamesema wenyewe inaruhusiwa.

#11 DadaWaMvita

Kaka Otis, inaruhusiwa si sawa na inapendeza. Ni siku ya mamake. Yule mama amepanda ndege tatu.

#12 Otis wa Naks

Sawa, hiyo ya ndege tatu imenimaliza. Longi avae.

#13 Makoti Mawili

Niwasimulie kuhusu viatu, kwa sababu watu wanahangaika na gauni wakati adui yuko chini.

Jina langu la humu lilitokana na safari ya kwanza kumpeleka mchumba wangu, mke wangu sasa. Nilisoma "mgahawa wa heshima" nikabeba makoti mawili ya suti, mwezi wa nane. Moja nilivaa, jingine la akiba kama la kwanza litamwagikiwa. Msiniulize nilikuwa nawaza nini. Na viatu vipya vya ngozi, vilitoka kwenye boksi siku hiyo hiyo.

Meza ilikuwa California Grill, ghorofa ya 15 ya hoteli ya Contemporary, mahali ambapo watu wanakula huku wanasubiri fataki za bustani ya Magic Kingdom kupitia madirishani. Kutoka lango la Magic Kingdom hadi hotelini pana njia ya miguu ya kama dakika kumi, na pana treni ya juu inayopita katikati ya jengo lenyewe. Foleni ya treni ilikuwa ndefu nikasema tutembee, mimi mwanaume bwana. Dakika kumi. Nilipofika kwenye lifti kisigino cha kushoto kilikuwa kimechunika ngozi ukubwa wa sarafu ya shilingi mia.

Nikavua chini ya meza. Taratibu, kwa ncha ya kidole gumba. Raha niliyoisikia siwezi kuieleza. Basi fataki zikaanza, taa za ndani zikapunguzwa, watu wote wakainuka kwenda barazani kutazama, na mchumba ananivuta mkono, "twende, twende!" Kiatu cha kulia nikakipata. Cha kushoto kilikuwa kimesukumwa sijui na nani chini ya meza ya jirani. Nilitazama fataki zote nimesimama na mguu mmoja kama korongo, soksi nyeupe, koti limefungwa vifungo vyote viwili.

Kwa hiyo: viatu vya usiku viwe vile mama alivyovivaa mwezi mzima nyumbani. Mchuchumio ubaki Tanga. Na kama hamna gari, kodini kabati pale karibu na lango la bustani asubuhi, mweke nguo za usiku na viatu humo.

#14 MtotoWaBukavu

Bandugu, hamjambo. Mimi niko Phoenix. Kwetu mama hawezi kwenda fasi ya heshima bila kikwembe, ndiyo kitenge chenu. Nilipeleka mama yangu Jiko mwaka juzi, alivaa kikwembe na libaya (blauzi) yake na kitambaa kichwani, akaingia kama mwenye nyumba. Muhudumu alimwambia ni mavazi mazuri kupita yote aliyoona ile wiki. Mama akajibu "najua".

Acheni mama avae.

#15 Kijana wa Kenge

"Najua" 😂😂😂 nakaa paleee nasubiri mrejesho.

#16 NyotaYaPangani: MREJESHO

Wakuu tumerudi. Naandika watoto wakiwa wamelala, samahani kwa urefu.

Siku yenyewe tulianza bustanini saa 2 asubuhi. Mama kavaa dera la pamba, ushungi mwepesi na raba nyeupe alizonunuliwa na mwanawe, anazisema kila baada ya nusu saa kwamba zimemkaa kama mikate. Gauni lilikuwa kwenye gari limetundikwa. Kuna sehemu inaitwa Harambe, wamejenga mji mdogo wa pwani, kuta zimebanduka chokaa makusudi, matangazo ya ukutani kwa Kiswahili, wenyewe wanasema walichukua mfano Lamu. Mama akasimama akasoma kila kibao kwa sauti, akasahihisha viwili. Wazungu wakawa wanamfuata wakidhani ni sehemu ya maonyesho.

Kosa likafanyika saa 7 mchana. Kuna boti la duara linashuka mtoni, Kali River Rapids, mume akasema jina lenyewe Kiswahili, halitatudhuru. Dada zangu, ni kali kweli. Maji hayarushwi, yanamwagwa. Dera la mama lililowa hadi likawa gunia, na akacheka vile ambavyo mimi sijawahi kumsikia akicheka miaka kumi na moja niliyomjua. Lakini raba zikafa. Zilikuwa zinapiga "chwa, chwa" kila hatua.

Saa 9 radi ikaanza. Tukamsikiliza Makoti Mawili, tukatoka, tukarudi chumbani kuoga na kulala. Kama kuna mtu anasoma huu uzi baadaye: hilo la kurudi kuoga ndilo lililookoa siku. Tulikuwa tumepanga kubadilishia nguo vyooni kisha twende moja kwa moja. Kwa lile boti isingewezekana.

Sasa mavazi ya usiku. Mama: gauni bila mkia (mkia kwenye pochi), mabega yote mawili, ushungi wa zambarau, na makubadhi yake ya siku zote ya kutoka nyumbani. Mchuchumio kumbe aliuleta kwa siri, nikauona kwenye begi, nikanyamaza, na yeye akanyamaza. Mume: suruali ya kaki na shati la kitenge kile kile cha mama, fundi alibakiza kipande akamshonea bila sisi kujua. Mimi gauni refu la kijani la kawaida. Kijana shati la kola. Binti alikataa kata kata kuvua gauni la bintimfalme, lile la kumetameta linalomwaga unga kila mahali. Nikasema heri nusu shari. Hakuna aliyemtazama vibaya. Tena kwenye meza ya pembeni kulikuwa na mwenzake wa bluu, wakapungiana kama wakuu wa nchi.

Tulifika robo saa kabla. Jua la kule mwezi wa saba linachelewa, saa 2 usiku bado kweupe, kwa hiyo tuliona twiga kwenye uwanda nyuma ya hoteli. Mama akawatazama akasema, "Hawa nimekuja kuwaona huku, na Saadani sijafika." Hakuna aliyejibu.

Mlangoni yule binti wa mapokezi akatukaribisha, mama akauliza, kwa Kiswahili, "Jiko lenyewe liko wapi?" Nikatafsiri. Akatupitisha mbele ya majiko mawili makubwa ya kuoka yanayowaka moto, yapo pale pale wazi unayaona. Mama akayakagua, akatikisa kichwa: "Sawa. Hawakudanganya." Ndipo akakubali kukaa.

Meza ya jirani kulikuwa na baba mmoja, kaptula ya maua na sandali. Mama akamtazama muda mrefu. "Huyu kaja kula au kaja kuoga?" Nikamwambia inaruhusiwa. Akasema, "Kuruhusiwa sijauliza."

DadaWaMvita, AC ni kama ulivyosema. Hata mikate haijafika mama kashatoa kanga kwenye pochi kajitanda. Muhudumu, mdada wa makamo, beji yake imeandikwa jina na mji aliotoka kama walivyo wote kule, akaona maandishi ya kanga akauliza yanasema nini. Ilikuwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Nikajaribu kutafsiri, nikakwama kwenye "apone". Mwenyeji alikuwa anaumwa? Mume naye akajaribu, akaharibu zaidi. Mama akaona tunahangaika, akamshika yule mdada mkono, akaonyesha chakula, akajionyesha yeye, akamwonyesha mdada, akatabasamu. Mdada akasema ameelewa. Sijui alielewa nini, lakini kitindamlo kilikuja na mshumaa na vijiko vitano wakati niliagiza kimoja.

Picha zikapigwa pale ukumbini, mkia umebandikwa. Vifungo viwili vilifyatuka, vinne vikashika.

#17 FundiCherehani

Viwili kati ya sita? Huyo fundi kavibana kwa meno. Mwambie apige uzi wa ziada.

#18 Otis wa Naks

Na miguu ya mzee je?

#19 NyotaYaPangani

Otis, alivaa longi na raba nyeusi safi. Hakuna aliyeziona chini ya meza, hata mama yake. Siri yenu ninyi wawili.

#20 Gunia la Mkaa

Mimi bado naulizia bei.

#21 DadaWaMvita

Gauni sasa limeishia wapi?

#22 NyotaYaPangani

Limerudi Tanga. Kuna harusi Muheza mwezi wa kumi na mbili, mkia unashonwa upya moja kwa moja, na mchuchumio umetajwa.